Kwa nini huyu kapewa u-Sir na yule kaachwa: namna ya kusoma nishani za wanasiasa wa Uingereza

Kila ikitoka orodha ya nishani Uingereza, ile ya mwaka mpya na ile ya Juni ya birthday ya mfalme, maswali ni yaleyale. Mbona fulani aliyetimuliwa uwaziri mara mbili anaitwa Sir, alafu fulani aliyekaa juu kabisa hana hata utepe wa kifuani? Watu wanatafuta jibu kwenye kazi, wanahesabu miaka aliyokaa, sheria alizopitisha, vita alivyoingia, na hesabu haifungi. Haifungi kwa sababu nishani ya mwanasiasa haipimi kazi peke yake, inaonyesha pia nani alikuwa ameshika kalamu siku ile na alikuwa na deni kwa nani. Kwa iyo ukitaka kuelewa anza na mkono uliotoa, mtu mwenyewe utamfikia baadaye.

Mikono iko mitatu. Wa kwanza ni wa mfalme mwenyewe, kuna nishani chache ambazo anampa anayemtaka bila kuletewa majina na serikali: Garter, Thistle ya Waskoti, Order of Merit, na Royal Victorian ambayo sana sana inaenda kwa wanaoitumikia familia yake. Mkono wa pili ni wa waziri mkuu na huu ndo mrefu kuliko yote, maana yeye ndo anapeleka majina ya wanaoingia Baraza la Malodi, lile baraza la juu la bunge lisilochaguliwa, na ndo mwenye ile orodha ya kuagia ofisi. Mkono wa tatu ni kamati, maafisa wa serikali na watu wa nje wanakaa wanapitia majina kisekta, michezo huku sayansi kule, na tangu 2012 kuna kamati yake maalum ya wabunge na watu wa siasa. Mwisho wa yote utaona mfalme au mwanawe anamgusa mtu mabega kwa upanga pale Windsor, ila upanga usikudanganye, kwa nishani nyingi yeye anapokea orodha iliyoshapikwa.

Sasa chukua Garter, maana hii ndo inayowachanganya watu zaidi. Ni ya mwaka 1348, aliianzisha Edward wa Tatu, na nafasi zake ni 24 tu ukiacha mfalme na ndugu zake. Tangu 1946 serikali haina sauti humo. Mawaziri wakuu wastaafu wengi wanaishia kuipata, lakini ratiba hamna, mpaka kiti kiwe wazi, na kiti kinakuwa wazi mtu akifa. Wilson aliipata mwaka uleule aliotoka, 1976. Thatcher alisubiri miaka mitano, Callaghan na Major nane kila mmoja, Blair kumi na nne, na mzee Heath aliyetoka 1974 aliletewa 1992, akiwa bado ni mbunge wa kawaida anakaa benchi la nyuma ananuna. Kwa iyo ukimwona waziri mkuu mstaafu hana Garter usikimbilie kusema kanyimwa. Inawezekana yuko kwenye foleni tu, na foleni yenyewe haisogei kwa kasi.

Na hapohapo utaelewa ile kelele ya Blair. Ilitangazwa usiku wa kuamkia 2022, ndani ya siku chache watu zaidi ya milioni moja wakasaini petisheni avuliwe, sababu ni vita vya Iraki vya 2003. Hasira ilikuwa ya kweli kabisa, ila waliokuwa wanamgeukia waziri mkuu wa wakati ule, Boris Johnson, walikuwa wanagonga mlango usio wake. Ilikuwa zawadi ya Malkia. Juni Blair akaenda Windsor akavaa joho lake na lile likofia la manyoya, ikaisha.

Gordon Brown naye ni mfano mzuri. Juni 2024, Uingereza iko katikati ya kampeni za uchaguzi, jina lake likatoka kwenye orodha ya birthday: Companion of Honour. Hii ni ya watu 65 tu, ni kubwa kweli, lakini haina Sir. Unabaki bwana Brown na herufi mbili nyuma ya jina, CH. Na haitoki mfukoni mwa mfalme kama Garter, inapitia serikali, ambayo siku hizo ilikuwa ya Conservative chini ya Sunak. Kwa hiyo usidhani nishani zinaenda kwa chama chako tu. Mpinzani aliyezeeka na asiye na hatari tena anapewa vizuri tu, tena inamfanya mtoaji aonekane muungwana.

Tukija kwa mkono wa waziri mkuu hapa ndo pana nyama, ukae vizuri.

Tangu sheria ya 1958 mtu anaweza kufanywa lodi wa maisha yake tu, hairithishwi. Ulodi ni cheo na ni ajira pia: unakaa bungeni, unapiga kura kwenye sheria, na kila siku unayohudhuria una posho ya zaidi ya pauni 300, mpaka uamue kustaafu. Ndo maana watu wanautaka kuliko u-Sir. Waziri mkuu ndo anaamua lini orodha itoke na kila chama kipate nafasi ngapi. Wakubwa wa upinzani wanapeleka majina yao, ila mlango ameushika yeye.

Ukikutana na jina angalia limetoka kwenye orodha ipi. Orodha ya mwaka mpya na ya birthday zimechujwa na kamati, kule mwanasiasa anapangwa pamoja na mwalimu mkuu na muuguzi. Orodha ya kuvunjwa bunge inatoka wakati wa uchaguzi mkuu, ndo wanapopozwa wabunge wakongwe wanaoondoka. Alafu kuna orodha ya kujiuzulu, hii ni ya waziri mkuu anayeaga, na hii isome kama unasoma daftari la madeni. Wasaidizi wake, madereva wa kampeni yake, mawaziri waliomtetea mpaka dakika ya mwisho, wote humo. Wilson alipoondoka 1976 orodha yake ilijaa matajiri marafiki, inasemekana iliandikwa kwenye karatasi ya rangi ya zambarau na katibu wake, na mmoja wa walioingia humo, Joseph Kagan mfanyabiashara wa makoti ya mvua, miaka minne baadaye akafungwa jela. Liz Truss alikaa ofisini siku 49 na akatoa orodha yake vilevile, watu 11, Desemba 2023. Siku 49! Kuna watu hata probation hawajamaliza.

Ya Boris Johnson ya Juni 2023 ndo darasa lenyewe. Jacob Rees-Mogg akawa Sir, Priti Patel akawa Dame, yaani Sir wa kike, wote wawili walisimama naye mpaka meli ikazama. Ila angalia waliotajwa kila siku magazetini kwamba watakuwa malodi na hawakuonekana: Nadine Dorries, Alok Sharma, Nigel Adams. Walikuwa bado wabunge. Huwezi kuwa mbunge na lodi kwa pamoja, na kuna tume inayopitia majina, House of Lords Appointments Commission, iliyoanzishwa 2000, yenyewe ilitaka mtu awe tayari kuachia ubunge ndani ya miezi sita. Wao walikuwa wanasubiri uchaguzi mkuu ndo waingie, tume ikasema hapana, kitumbua kikaingia mchanga. Hapo sasa kila mtu akaonyesha tabia yake. Adams akajiuzulu ubunge palepale. Dorries akatangaza anajiuzulu, akavuta miezi miwili na ushee ndo akaondoka kweli, akimrushia Sunak barua ya maneno makali, na jimbo lake la Mid Bedfordshire ambalo alishinda kwa kura zaidi ya elfu 24 likaenda Labour. Sharma, yule aliyesimamia mkutano wa tabianchi wa Glasgow 2021, hakusema neno. Alibaki kimya bungeni mpaka mwisho, na orodha ya kuvunjwa bunge ya 2024 ilipotoka jina lake limo, leo ni Lodi Sharma. Majina yalitoka mfuko mmoja, mwisho ukawa tofauti kabisa, na kilichowatenganisha ni kununa hadharani.

Kwenye orodha hiyohiyo ya 2024 yumo Theresa May, sawa, waziri mkuu mstaafu. Lakini yumo pia Chris Grayling, waziri wa usafiri ambaye wizara yake ilitoa mkataba wa feri wa karibu pauni milioni 14 kwa kampuni isiyokuwa na hata meli moja. Mkataba ukafutwa, mwenyewe akawa lodi. Ukiwa bado unaamini mambo ya kupima kazi, jina la Grayling libandike ukutani.

Na yule Sir aliyetimuliwa mara mbili niliyemsema juu ni Gavin Williamson. Theresa May alimfukuza wizara ya ulinzi 2019 kwa tuhuma ya kuvujisha siri za baraza la usalama, yeye anakana mpaka kesho. Johnson akamrudisha kwenye elimu, mitihani ya 2020 ikaharibika, 2021 akatolewa tena. Machi 2022, wiki moja baada ya Urusi kuivamia Ukraine na dunia nzima inaangalia kule, tangazo likapita: Sir Gavin. Angalia vitu viwili. Alishawahi kuwa mnadhimu mkuu wa chama, yaani ndo alikuwa anatunza siri za wabunge wote, na 2019 alimfanyia Johnson kampeni ya uongozi ndani ya bunge. Alafu halikutoka kwenye orodha yoyote ya kawaida, lilitoka peke yake. Jina linalotoka peke yake siku ambayo watu wana habari kubwa zaidi, lipigie mstari.

Ila waziri mkuu naye sio mkono usiozuilika, kuna machujio. Ile tume ya malodi inaangalia kama jina litaliaibisha baraza. Mamlaka ya kodi inatoa maoni yake kuhusu kama mtu analipa vizuri, kwa mfumo wa taa: kijani, njano, nyekundu. Tom Watson aliyekuwa naibu kiongozi wa Labour alipendekezwa, tume ikamkataa 2020 kwa sababu alishabikia tuhuma za uongo za unyanyasaji wa watoto dhidi ya watu wakubwa, 2022 akapendekezwa upya akapita. Lakini tume inashauri tu. Desemba 2020 ilimkataa Peter Cruddas, tajiri aliyewahi kuwa mweka hazina wa Conservative, na Johnson akampitisha vilevile, mara ya kwanza waziri mkuu kuipuuza tume hiyo waziwazi.

Na biashara ya pesa na vyeo sio ya jana. Waziri mkuu Lloyd George baada ya vita ya kwanza ya dunia alikuwa ana bei kabisa, u-Sir kama pauni elfu 10 na ulodi unapanda juu huko, dalali akiwa Maundy Gregory. Ikabidi itungwe sheria 1925 ya kukataza kuuza nishani, na 1933 Gregory akahukumiwa kwa sheria hiyohiyo. Mwaka 2006 polisi walichunguza tena safari hii mikopo ya matajiri kwa Labour, Blair akahojiwa akiwa waziri mkuu, hakuna aliyeshtakiwa.

Hatua nyingine ambayo watu wanairuka: uliza kama mtu alipewa akakataa. Kabla jina halijatangazwa mtu anaandikiwa barua wiki kadhaa kabla, utakubali au hutaki, akisema sitaki hamna anayejua, jina halitoki na wewe nje unadhani kasahauliwa. Churchill aliipiga chini Garter 1945 alipotoka kushindwa uchaguzi, akaichukua 1953, alafu 1955 akakataa kuwa duke, cheo cha juu kabisa cha ulodi wa kurithi, kwa sababu kubaki House of Commons, baraza la wabunge wa kuchaguliwa, kulimpendeza zaidi na mwanawe naye alikuwa na ndoto za siasa. Heath na Major wote walikubali Garter lakini ulodi hawakuutaka. Macmillan, waziri mkuu mwingine, alikataa cheo alipotoka 1963, akakaa miaka 20, akafikisha miaka 90 ndo akakubali kuwa earl, ulodi wa kurithi, 1984. Tony Benn, mbunge wa Labour, alirithi ulodi wa baba yake bila kuuomba na akapigania mpaka ikapitishwa sheria ya 1963 ya kuukana.

Wengine chama chao ndo kinawazuia. SNP, chama kinachodai uhuru wa Skotland, hawaamini katika Baraza la Malodi, hawapeleki jina hata moja, kwa iyo kumuuliza mtu mbona Nicola Sturgeon, kiongozi wao wa zamani, sio lodi ni kuuliza mbona Mwislamu hayupo kwenye kwaya. Ireland Kaskazini ni hivyohivyo. David Trimble na John Hume walipewa Nobel ya amani pamoja 1998. Trimble alikuwa wa upande unaotaka kubaki ndani ya Uingereza, aliipenda taji, akawa lodi 2006. Hume alikuwa mzalendo wa Kiayalandi, upande wake hawachukui vitu vya taji, heshima yake ikatoka kwa Papa, 2012. (Watanzania mnamkumbuka Sir George Kahama, u-Sir wake nao ulikuwa wa Papa wala sio wa Malkia, kwa iyo ukiona Sir usidhani moja kwa moja ni London.) Labour ya mrengo wa kushoto nao wanasemaga hawataki vyeo, alafu 2016 Corbyn mwenyewe, kiongozi wao, akampeleka mwanasheria Shami Chakrabarti kwa malodi, wenzake wakacheka mpaka basi.

Sasa namna mtu alivyoondoka. Kwa zaidi ya miaka 200 Spika akistaafu anakwenda kuwa lodi, mila haijaandikwa popote ila ilifuatwa, hata Michael Martin aliyelazimika kuachia ngazi 2009 kwenye sakata la posho za wabunge alipewa. Akaja John Bercow. Aliwakera Conservative kwenye Brexit, maamuzi yake mengi waliyaona yamewaumiza, akaondoka 2019 na Johnson hakumpa kitu. Corbyn akajaribu kumpeleka kwa upande wa Labour, hamna. Kulikuwa na malalamiko ya kuwanyanyasa wafanyakazi, na Machi 2022 jopo huru likamkuta na hatia, hapo ndo ikafa kabisa. Nikiulizwa nitasema Brexit ndo ilifunga mlango, yale malalamiko yakaweka kufuli. Maana kununiwa peke yake hakutoshi siku zote: Ken Clarke na Philip Hammond walikuwa kati ya wale wabunge 21 ambao Johnson aliwatoa kwenye kundi la chama Septemba 2019 kwa kumpinga kwenye Brexit, na 2020 yeye mwenyewe akawafanya malodi. Dominic Grieve alikuwa kwenye kundi lilelile, akaachwa.

Kashfa nayo ina kanuni zake za ajabu. Jeremy Thorpe kiongozi wa Liberal alishtakiwa kwa njama ya kuua, 1979 mahakama ikamwachia huru, aliutamani ulodi mpaka anakufa na hakuupata. John Profumo alidanganya bunge 1963 kuhusu mwanamke, akajiuzulu, ila badala ya kulalamika akaenda kujitolea kwenye kituo cha masikini mashariki ya London, Toynbee Hall, akaanzia na kazi ndogondogo, akakaa kimya huko miaka. 1975 akapewa CBE, nishani iliyo chini ya u-Sir, kwa kazi ya hisani, siasa haikutajwa.

Ndo maana kila mara soma ile sababu iliyoandikwa pembeni ya jina. Keir Starmer wengi wanadhani u-Sir wake ni wa siasa, hapana, aliupata 2014 kwa kazi ya kuongoza mashtaka ya serikali, ubunge aliingia 2015. Na David Cameron kuwa lodi Novemba 2023 haikuwa zawadi ya kustaafu, Sunak alimtaka awe waziri wa mambo ya nje na kwa desturi waziri anatakiwa awe na kiti kwenye baraza mojawapo, wakamwingiza kwa mlango ule. Peter Mandelson, waziri wa zamani wa Labour, 2008 alirudishwa serikalini na Brown kwa njia hiyohiyo.

Usisahau na wenza, kuna wakati heshima inapitia kwa mume. Thatcher alipong'olewa 1990 Malkia alimpa Order of Merit, na mumewe Denis akapewa ubaronet, cheo kinachorithiwa, ndo maana mtoto wao Mark leo ni Sir Mark bila kufanya lolote. Philip May, mume wa Theresa, naye aliitwa Sir 2020, jina likipelekwa na Johnson, yuleyule aliyemrithi mkewe.

Kunyang'anywa je? U-Sir unaweza kuvuliwa kwa ushauri wa kamati, hata Mugabe aliyepewa wa heshima 1994 alivuliwa 2008. Ulodi hauvuliwi hivyo, inataka sheria ya bunge, na ndo maana Jeffrey Archer, mwandishi wa riwaya na mwanasiasa wa Conservative, alifungwa 2001 kwa kusema uongo mahakamani akatoka jela bado ni Lodi Archer.

Ukitaka kuhakikisha jina lolote usitegemee screenshot za watu, fungua London Gazette, gazeti rasmi la serikali, linasomeka bure mtandaoni na utafutaji wake ni rahisi. Andika jina, angalia tarehe, angalia cheo kamili, angalia maneno ya sababu. Kama imeandikwa utumishi wa siasa na bunge, rudi nyuma utafute waziri mkuu alikuwa nani mwezi ule na huyu mtu alimpigia nani kampeni. Orodha za mwaka mpya zinatoka siku za mwisho za Desemba, za birthday ni Juni, na Garter kwa desturi inatangazwa 23 Aprili. Za kujiuzulu hazina tarehe, ila zikitoka Ijumaa jioni soma mpaka jina la mwisho.